Mvuto Mrefu, Mvuto Mfupi

Jumanne, 16 Septemba

Kamati imeundwa. Mungu atusaidie.

Kaunti ya Bitter Fork inanunua bastola mpya kwa manaibu wote wa sherifu, na hizo ndizo tutakazovaa mpaka baadhi yetu tustaafu. Kazi ya kuchagua wamepewa watu watatu. Mimi, Sajini Marlys Quade, kwa kuwa ndimi ninayewafundisha wote shabaha. Orval Skaar, kwa kuwa yupo. Na Tanner Breck, kwa kuwa ana chaneli ya video ambako hupiga makopo akiwa amevaa miwani ya jua, hata siku ya mawingu.

Sherifu Kolstad mwenyewe si mwanakamati, eti yeye "anasikiliza tu." Dwight Kolstad hajawahi kusikiliza kitu maishani mwake ila sauti yake.

Jumatano, 17 Septemba

Zimefika tatu za majaribio, na tofauti yao yote iko kwenye kifyatulio, kile kichuma unachokivuta kwa kidole. Naziandika hapa kwa sababu Skaar keshaniuliza ipi ni ipi mpaka nimechoka.

Ya kwanza haina nyundo ya kuonekana. Kila ukivuta, mvuto ni uleule, mfupi na mwepesi. Hakuna loki ya kubonyeza. Unachomoa, unavuta, inalia. Hiyo ndiyo ninayoitaka mimi, na Tanner pia anaitaka, jambo linalonitia wasiwasi kidogo.

Ya pili ni ya kizee. Risasi ya kwanza unavuta mvuto mrefu na mzito, huku nyundo nyuma ikiinuka polepole mbele ya macho yako kabla haijaanguka. Kuanzia risasi ya pili mvuto unakuwa mfupi. Yaani bastola moja, tabia mbili, na ukimaliza usisahau kuishusha nyundo kabla ya kuirudisha kwenye ala. Skaar anaipenda kwa sababu ya aina hiyohiyo imo kiunoni mwake tangu enzi alipokuwa na nywele.

Ya tatu ni kipenzi cha Sherifu. Nyundo inakaa juu muda wote, imezuiwa na loki ya dole gumba. Ukiitoa loki, kifyatulio kinaachia ghafla, kama kijiti kikavu kinapokatika.

"Shika hii, Marlys," akaniambia. "Babu yangu alikuwa na ya namna hii."

"Babu yako alikuwa muuza matrekta, Dwight."

"Muuza matrekta mwenye bastola nzuri."

Tanner naye hakukubali kupitwa. "Sajini, dunia nzima imehamia kwenye nyepesi."

"Dunia ipi, Tanner? Wewe hata mpaka wa Dakota hujavuka."

Skaar alikuwa anatema maganda ya mbegu za alizeti kwenye kikombe. Nikamuuliza kwa nini anaitaka ile nzito. Akafikiri weee, mpaka nikadhani kasinzia. "Nimeizoea," akasema.

Alhamisi, 25 Septemba

Uwanja wa shabaha, upepo mkali. Skaar kakosa karatasi nzima. Sisemi alikosa katikati yake, nasema karatasi nzima.

Ijumaa, 3 Oktoba

Leo nimecheka mpaka mbavu zimeuma, japo ilinibidi nikachekee ndani ya gari.

Sherifu aliwaalika madiwani wa kaunti uwanjani ili awaonyeshe bastola ya babu. Kavaa mkanda wake wenye bamba la fedha. Kasimama miguu kando, uso mkali. Kaichomoa upesi, sikatai. Kavuta. Kimya. Kavuta tena mpaka shingo ikamwiva. Kimya. Alisahau loki.

Lavonne Tveit, diwani mkuu na mwenye duka la malisho ya ng'ombe, akasema, "Imekufa?"

"Haijafa," nikamwambia. "Inamsubiri Sherifu aamke."

Basi, bastola ya tatu imetoka mashindanoni. Zimebaki mbili. Sherifu kasema tangu mwanzo hakuwa na upendeleo. Hana hata haya.

Jumanne, 14 Oktoba

Tumepanga kila mwanakamati avae kila bastola kazini, siyo kuipigia makaratasi tu. Nimeanza na nyepesi. Raha tupu. Shimo langu la tano limeingia juu ya la nne.

Ukutani pale uwanjani nilipaka maneno kwa rangi nyekundu nilipoanza kufundisha: USALAMA NI KIDOLE, SI KIFYATULIO. Kidole kinalala ubavuni mwa bastola, nje, mpaka uwe umeamua kupiga. Ukilijua hilo, uzito wa kifyatulio haukuhusu. Wanaotaka mvuto mzito ni watu wasioamini vidole vyao wenyewe. Nilimwambia Skaar hivyo mbele ya wenzake. Akatema ganda.

Jumamosi, 25 Oktoba

Msimu wa kuwinda umefunguliwa. Nchi nzima imekuwa ya rangi ya chungwa, yale makoti ya wawindaji ya kuonekana mbali. Kila mwenye bunduki kutoka majimbo sita amekuja kuegesha pikapu mlangoni pa watu na kuulizia elki, wale kulungu wakubwa, walipo, kana kwamba tumewafunga zizini.

Msimu huu ukimsimamisha mtu, hata kwa taa ya nyuma iliyoungua, kabla hujafungua mdomo mkono wake umekwisha kukimbilia kifuani kutoa kibali na tagi, kile kikaratasi cha kumfungia mnyama aliyempiga. Akiona sare, yeye anaona askari wa wanyamapori. Nimewaambia manaibu wote walizoee hilo. Nimelisema mwenyewe, kwa mdomo wangu.

Jumatatu, 3 Novemba

Zamu imebadilika. Nimemkabidhi Tanner ile nyepesi, nami nimevishwa hili trekta la Skaar. Nikivuta, naweza kwenda kunywa kahawa nikarudi kabla nyundo haijaanguka. Risasi ya kwanza imekwenda chini kushoto, aibu tupu, na Tanner alikuwa anapiga video.

"Futa hiyo," nikamwambia.

"Ni ya mafunzo, Sajini."

"Nitakufunza jambo lingine sasa hivi."

Kaifuta. Nadhani.

Jumatano, 12 Novemba

Theluji. Glovu nene. Sina la kuandika.

Ijumaa, 14 Novemba

Nitaandika yote.

Mchana simu ilitoka kambi ya wawindaji juu kule korongoni. Wageni wawili wamegombania elki, mmoja kamtishia mwenzake kwa silaha kisha kaondoka na pikapu ya kijani. Mzee, ndevu, koti la chungwa. Nusu ya kaunti ni wazee wenye ndevu na makoti ya chungwa.

Nilikutana na pikapu ya kijani kwenye barabara ya changarawe, theluji inapeperushwa kutoka ubavuni. Nikawasha taa. Ikasimama, na dereva akashuka kabla sijamwambia kitu. Nilikuwa nyuma ya mlango wa gari langu, bastola mkononi, kidole nje. Nakumbuka vizuri kwamba kidole kilikuwa nje.

"Mikono juu! Niione mikono!"

Upepo ukanirudishia maneno mdomoni. Yeye alikuwa na kofia ya kufunika masikio, ndevu zimeganda barafu. Akaingiza mkono kifuani. Nikapiga kelele tena. Mkono ukatoka na kitu cheusi.

Sikuamua kupiga. Nataka hilo liwe wazi hapa hata kama halitakuwa wazi kwingine. Kidole kiliingia chenyewe ndani ya ile glovu, wala sikukisikia kikiingia. Nilichokiona ni nyundo. Niliiona ikiinuka, ile nyundo ya kizee niliyoidharau msimu mzima. Inarudi nyuma, bado inarudi, nami bado navuta, na mvuto bado haujaisha. Yule mtu akakinyanyua kile kitu cheusi akakipunga hewani.

"Tagi yangu hii hapa, Marlys! Kwani siku hizi umehamia wanyamapori?"

Wendell Ostby. Mwenye ranchi ya ng'ombe kule mtoni, aliyelivuta gari langu kutoka mtaroni Februari iliyopita na kukataa hata kahawa. Pochi yake ya ngozi mkononi. Gari lake ni la kijani tangu sijawa askari.

Nikaachia. Nyundo ikarudi mahali pake taratibu, nikaitia bastola kwenye ala, nikaenda kumsalimia. Miguu ilikuwa inatembea tu, mimi simo.

"Mbona rangi imekutoka hivyo?" akauliza.

"Baridi."

"Hii? Hii bado si baridi, bwana."

Tukasema habari za ng'ombe wake. Kaniambia mkewe hajambo. Akaenda zake.

Yule mgeni tuliyekuwa tunamtafuta, Skaar alimkuta kituo cha mafuta anakula soseji. Silaha yenyewe ilikuwa kopo la dawa ya kufukuzia dubu.

Nimekaa mezani naiwaza ile nyepesi, ile ninayoitetea mimi, niliyokuwa nayo kiunoni mpaka tarehe tatu. Ile ingekuwa imelia kabla pochi haijamaliza kutoka kwenye koti.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimefua glovu. Hazikuwa chafu.

Jumanne, 18 Novemba

Corinne Ostby, mke wa Wendell, kaleta ofisini mtungi wa jamu ya cheri za porini. Kauweka juu ya meza yangu mbele za watu.

"Wendell kanihadithia," akasema. "Kasema ulikuwa umekaza uso lakini hukutikisika. Mtu mwingine angeogopa akafanya upuuzi. Asante, Marlys."

Nikasema karibu. Neno hilo moja, nikakaa. Sherifu akapiga makofi, maana yeye hupenda makofi popote yalipo. Skaar kaufungua mtungi na kuimaliza nusu kwa mkate. Mimi sikuweza kuitia mdomoni.

Alhamisi, 20 Novemba

Kikao cha mwisho cha kamati. Nilisema nimebadili mawazo, nataka ile ya mvuto mrefu.

Tanner akaegemeza kiti nyuma kama mheshimiwa. "Kwa sababu gani, Sajini?"

"Glovu. Baridi. Kidole kikiwa kinene hakisikii."

"Lakini kidole si kinakaa nje?" Akatabasamu. "Si ndivyo ulivyopaka ukutani? Au tukapake mengine?"

Mjinga yule ameniweka kona kwa maneno yangu mwenyewe. Ningeweza kumjibu kwa sentensi moja tu, na sentensi hiyo ingenivua kazi ya kufundisha. Pengine hata beji. 

Nikamgeukia Skaar, maana mimi naye tungekuwa wawili dhidi ya mmoja. Skaar, mwenye hiyo bastola kiunoni miaka yote! Akatazama kikombe chake cha maganda.

"Nyepesi," akasema.

"Orval! Tangu lini?"

"Pikapu mpya ya doria ina viti vya kupasha joto," akasema. "Dwight kasema nitapewa mimi, nikiiunga mkono nyepesi. Mgongo wangu, Marlys."

Basi. Ameuza kwa joto la makalio. Na mimi niliyekuwa namwona mpumbavu kwa kuishika ile bastola bila sababu, leo namwona mpumbavu kwa kuiacha. Alikuwa sahihi muda wote na hakujua kwa nini, wala hajui mpaka sasa. Lakini yeye angalau hajui. Mimi ninajua, na nimekaa kimya kama yeye.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani kwa dada yangu. Shemeji kaniuliza kama msimu umekuwa shwari. Nikasema umekuwa shwari. Nikaomba viazi.

Jumanne, 2 Desemba

Madiwani walikutana kwenye chumba cha chini cha kanisa la Kilutheri kwa kuwa mtambo wa joto wa jengo la kaunti umekufa. Lilikuwa jambo la kugonga mhuri tu. Nilikwenda nikiwa nimejiapiza kutosema neno.

Nikaingia, nikawakuta Wendell na Corinne Ostby safu ya pili. Walikuja kulalamikia daraja lao lililobomoka. Corinne kanipungia mkono.

Sherifu akasimama na bamba lake la fedha. Akaisifia bastola nyepesi. Lavonne Tveit akauliza swali la maana, la kwanza kusikika mwaka huu: je, si hatari, kitu chepesi hivyo bila loki?

"Ingekuwa hatari kwa wasiofundishwa," akasema Sherifu. "Lakini mwangalie Wendell pale. Sajini Quade alimsimamisha akidhani ndiye mhalifu. Wendell kaingiza mkono kotini! Na kidole cha Sajini hakikugusa chuma. Hata kidogo. Haya ndiyo mafunzo yetu."

Watu wakapiga makofi. Wendell naye akapiga, na glovu zake mkononi. Nikimtazama akipiga makofi, nikashindwa.

"Kiligusa," nikasema.

"Samahani?" Lavonne akauliza.

"Kidole changu kiligusa. Kiliingia na nikavuta. Bahati ilikuwa siku hiyo nina ile ya mvuto mrefu. Ningekuwa na hii mnayotaka kuinunua, Wendell asingekuwa amekaa hapo."

"Marlys, keti," Sherifu akaniambia kwa sauti ya chini.

"Nimekaa vya kutosha. Mimi ndiye bora mliye naye, Dwight, na mimi kilinitoroka. Huyu Tanner je? Skaar je, anayekosa karatasi nzima?"

Wendell akamwinamia mkewe kwa sikio lake linalosikia vizuri. "Kasema nini?"

"Kasema karibu akuue," Corinne akamjibu, wala hakupunguza sauti.

Wendell akaniangalia. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo.

"Ulivuta mpaka wapi?"

Nikamwonyesha kwa dole gumba na cha shahada. "Ilibaki hivi."

"Kwa ajili ya tagi?"

"Kwa ajili ya tagi."

Corinne akasimama, akavaa koti, akafunga vifungo vyote mpaka cha juu. "Nilikuletea jamu," akasema. "Nimesimama kwenye jiko langu nikachagua mtungi mzuri, nikamletea mtu aliyekaribia kunifanya mjane. Na ukasema karibu."

 Akatoka. Wendell akamfuata, na lile daraja lao halikujadiliwa.

Lavonne akasafisha koo. Nikafikiri sasa, sasa angalau wamesikia. "Tunakushukuru kwa ukweli wako, Sajini," akasema. "Ila naona basi tatizo si bastola. Tatizo umelitaja mwenyewe." Wakapiga kura. Wote mikono juu, nyepesi. Tanner alikuwa anatazama sakafu, hilo nakiri. Skaar hakuwepo, alikuwa nje anaipasha moto pikapu.

Jumatano, 3 Desemba

Nimevuliwa ufundishaji. Mwalimu mpya wa shabaha ni Tanner Breck. Sherifu kasema ni kwa faida yangu, nipumzike. Akanipigapiga bega.

Nilidhani nitaichukia kamati nzima leo, na kweli nimejitahidi. Lakini kila nikianza na mmoja naishia kwangu. Wao wamechagua vibaya bila kujua. Wiki mbili nilikuwa na neno moja la kuwazuia na nililibana, nikalitoa mahali ambapo tayari lilikuwa limeshageuka kuwa aibu yangu tu.

Alhamisi, 11 Desemba

Wendell kaja ofisini kulipia kibali cha ng'ombe. Tulibaki wawili kwenye dirisha.

"Corinne hatakusalimu mpaka masika," akasema. "Pengine na masika yenyewe."

"Na wewe?"

"Sijui, Marlys. Jana nilitaka kutoa kitambaa mfukoni nikasita. Dukani, mbele ya muuza misumari." Akatia risiti kwenye pochi ileile. "Hilo limenikera kuliko yote. Kusita mbele ya muuza misumari."

Nikamwambia nisamehe. Kasema amesikia.

Ijumaa, 19 Desemba

Zimefika. Maboksi mazuri, kila moja na jina la mwenyewe. Tanner kagawa kama mtu anayegawa watoto wa mbwa. Kesho kila mtu anaanza kuivaa, na ile ya zamani inarudishwa.

Jioni nilibaki na zote mbili mezani, mpya na ile ya mvuto mrefu niliyoivaa tangu Novemba. Nikazikagua kama hazina risasi, nikazikagua tena, nikazielekeza kwenye ndoo ya mchanga. Nikaanza na ile ya zamani. Nikavuta kwa mwendo uleule wa siku ile, huku natamka jina kwa sauti ya kawaida ya kumwita mtu. Wendell Ostby. Jina lilikwisha lote, na nyundo ilikuwa bado inapanda.

Nikashika mpya. Nikavuta. Ilipogonga nilikuwa nimefika "We."

Nikajaribu la Corinne. Nikajaribu la Lavonne, na la Skaar, na la shemeji yangu. Nikajaribu la Tanner, fupi kabisa. Hakuna hata moja lililokwisha.

Nimeirudisha kwenye boksi. Asubuhi nampelekea Dwight Kolstad, na beji yangu nitaiweka juu ya kifuniko, aione kabla hajaanza kuzungumza.